Kaunta buku ya Babu

Kengele ya shule anayosoma mwanangu ni ringi ya lori, imening'inizwa na waya kwenye mwarobaini, wanaigonga na kipande cha nondo. Kama umesoma shule za serikali hapa Dar huhitaji maelezo. Ule mlio unafika mpaka barabarani, mama wa mihogo anautumia kama saa. Na darasa la pili A lilikuwa pale pale, hatua kama kumi kutoka kwenye mti, alafu mwanangu kakalishwa dirishani.

Mwaka mzima sikulijua hilo. Nilichokuwa naletewa nyumbani ni kesi tu. Mama Babu, mtoto katoroka darasani. Mama Babu, mtoto kamsukuma mwenzake kaangukia dawati. Mama Babu, huyu mtoto ana kiburi, anaitwa haitiki anaangalia pembeni.

Tunamwita Babu kwasababu kapewa jina la babu yake mzaa baba. Ana miaka tisa sasa hivi na ana usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo inayobadilisha mtoto anavyoongea na anavyopokea watu na sauti. Tuliambiwa akiwa anakaribia minne, baada ya kuzunguka sana, manake kabla ya hapo kila mtu alikuwa na jibu lake, watoto wa kiume huchelewa kuongea, sijui mmemzoesha simu, sijui kuna mtu kamtupia jicho, wifi yangu mmoja akaniletea mpaka maji ya kumuogesha na mi nikamuogesha, siwezi kudanganya, ukiwa na mtoto wa miaka mitatu hakuiti mama utaogesha tu. Alikuwa haniiti lakini tangazo la redio anakutolea lote bila kukosea neno, na hapo ndio ndugu walikuwa wananiambia unaona, anaongea huyo!

Kilichonisaidia kuliko dawa yoyote ni benchi. Siku za kliniki tunakaa pale kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa saba, na kwenye benchi ndio nikakutana na mama mmoja ana binti wa miaka sita anayekula wali mkavu tu, ukiweka mchuzi sahani inaruka. Nikacheka kwa nguvu mpaka nikaona aibu, nikamwambia wangu akivaa shati jipya analia mpaka nikate lebo ya kwenye kola, na mi ni fundi cherehani kwahiyo natembea na mkasi kwenye pochi. Tukabadilishana namba. Baadae akaja baba mmoja mwalimu wa sekondari, baadae bibi mmoja anayelea mjukuu, sasa hivi tupo kumi na nne, wengi wetu wa huku huku Mbagala. Baba ni wawili tu kati ya hao kumi na nne, hilo nalo nimelisema niliache hapo hapo.

Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi uani kwangu kwasababu nina ukuta na geti linafungwa kwa komeo la juu, na mzazi mwenzangu anajua kwanini komeo la juu, watoto wetu wanachomoka. Elfu mbili mbili za mchango. Hela hizo ndio zilitufanya tumpate dada mmoja wa mazoezi ya kuongea anakuja kwa watoto wanane kwa mkupuo, manake kila mtu akienda peke yake sehemu za binafsi, kikao kimoja kinakula hela ya matumizi ya wiki. Anatufundisha sisi wazazi kuliko watoto kusema kweli, kwamba usimwambie mtoto acha fujo, mwambie kaa hapa, neno moja moja, umuoneshe.

Wasap yetu ina mambo yake. Kuna kipindi ikaja meseji ndefu ya kwamba usonji unatoka kwenye chanjo na mama wawili wakaanza kusema hawawapeleki tena watoto wao wadogo kuchanjwa. Ticha wetu, yule baba wa sekondari, akaandika taratibu sana kwamba yule daktari wa Uingereza aliyelianzisha jambo hilo mwaka 1998 makala yake ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010 na leseni akanyang'anywa. Mmoja akaelewa. Mwingine akatoka kwenye grupu, na mtoto wake nampenda mpaka leo na sijui anaendeleaje.

Sasa shule.

Darasa la pili mwishoni, Babu akarudi ana alama mgongoni na miguuni. Fimbo. Kosa lake alisimamishwa ataje jina lake mbele ya wenzie, hakutaja. Mi nikawaka. Asubuhi nikaenda shule na kanga yangu moja nimejifunga kiunoni, nikaongea mpaka madirisha ya ofisi yakajaa watoto, na mwalimu mkuu akanisikiliza wee akamaliza na sentensi moja. Mama, wewe una mtoto mmoja, hilo darasa lina mia na ishirini na mwalimu mmoja, kwanini usimpeleke shule maalum?

Nilirudi nalia na kibaya zaidi ni kwamba mia na ishirini ni kweli. Na shule zenye vitengo vya watoto kama Babu zipo kweli, Uhuru Mchanganyiko ipo, Msimbazi Mseto ipo, nina wenzangu watoto wao wanasoma huko na wanashukuru. Ila mimi kutoka huku mpaka huko naunganisha gari Rangi Tatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mtoto ambaye konda akigonga bodi mara mbili anajitupa chini ya siti. Abiria ndio utawasikia, huyu hajafunzwa, mchape. Tulijaribu wiki mbili, nikashindwa mimi, sio yeye.

Jumamosi nikalipeleka kwenye kikao. Ticha akaniuliza swali moja tu, nani alimchapa na iliandikwa wapi? Nikamwangalia. Ndio akatueleza kwamba kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, zisizidi nne, na kila tukio linaandikwa kwenye kitabu. Nimezaliwa nchi hii nimechapwa miaka saba ya msingi na sijawahi kuisikia kanuni hiyo! Akatueleza pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, kwamba mtoto wangu kuwa shule ya kawaida sio hisani ya mtu, ni haki yake na shule ndio inatakiwa imtafutie namna. Tangu 2016 elimu ni bila malipo basi sisi tunajiona tumepewa bure kwahiyo tusiseme.

Akaandika barua. Ukurasa mmoja, lugha ya adabu kabisa, "tunaomba kikao cha mashauriano", na chini kabisa, Nakala kwa: Afisa Elimu Kata, Nakala kwa: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Nakala kwa: Afisa Ustawi wa Jamii. Mi nilitaka tuongeze ukali akakataa. Barua ikishakuwa na zile nakala tatu chini mtu anaisoma amekaa wima.

Tukaenda watatu, mimi, ticha na bibi. Bibi tulimchukua kwasababu alikuwa na nafasi tu siku hiyo. Tumefika saa mbili tukaambiwa mwalimu mkuu ana kikao, njooni kesho. Mi nikaanza kuinuka, si ndio tulivyozoea? Bibi hajainuka. Kafungua kitambaa chake, katoa karanga, kaanza kumenya moja moja anaweka maganda kwenye mfuko wa rambo, akamwambia mhasibu wa shule aliyetupa jibu hilo kwa upole, "Sina haraka mwanangu, mi nipo tu. Mwambie akimaliza." Saa tatu. Saa nne, ringi ikagongwa, na sisi tupo barazani tunaona. Babu kachomoka mlangoni masikio kaziba, kapiga kona nyuma ya vyoo, na watoto wanamshangilia. Bibi akasema, "Kumbe ni lile dude."

Yani mwaka mzima. Mimi mama yake, mwalimu wake, wote tumesoma kiburi, na mwanamke ambaye hajui kusoma kakaa kwenye benchi masaa mawili kaona.

Mwalimu mkuu akatupokea saa tano, na kwa kweli alikuwa mtu mwingine, sijui ni barua sijui ni karanga. Akasema wazi kwamba hapo shuleni hakuna mwalimu hata mmoja aliyepitia Patandi, kile chuo cha elimu maalum kule Arusha, wote wanakisia tu. Hatukuomba makubwa. Babu akahamishwa upande wa ukuta wa mbali. Kiranja akapewa kazi ya kumgusa bega kabla ya kengele. Fimbo hapana, na hilo likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao na kusainiwa. Mi nikaenda Gerezani, kule Kariakoo, nikamtafutia vile vya kuziba masikio vya mafundi wa kukata vyuma, vyekundu vikubwa. Watoto wakamwita Didjei. Nikajiandaa kuumia lakini yeye alilipenda hilo jina, akawa anajitambulisha nalo.

Na ndio ikaanza kaunta buku, wazo la yule dada wa mazoezi. Naandika mimi asubuhi, anaandika mwalimu mchana, mistari miwili tu. Mwanzoni mwandiko wa mwalimu ulikuwa wa mtu anayelipishwa faini. "Kasumbua." "Kasumbua." "Katulia." Mi naandika, "Jana umeme ulikatika hajalala vizuri." "Leo kavaa soksi za zamani, mpya zina mshono." Mwezi wa pili mistari ikaanza kurefuka. "Saa 4 kaziba masikio mwenyewe kabla hajaguswa." "Kipindi cha hesabu kamaliza kwanza, kakataa kuandika jina lake juu." Alafu kuna siku naikumbuka na karatasi ilikuwa na alama ya kikombe cha chai, "Mama Babu, leo nimempa agawe madaftari. Hajasoma majina. Anajua daftari la kila mtoto kwa jalada lilivyochanika. Mia na kumi na nane, hajakosea." Nilikuwa nashona mikono ya gauni la mteja, nikashona kinyume.

Usidhani mambo yalinyooka. Kuna siku kamng'ata mtoto wa watu na nikaenda kuomba radhi nyumbani kwao na unga kilo mbili mkononi. Kuna siku ticha wetu kaomba dakika kumi mstarini kuwaelezea wanafunzi usonji ni nini, kaongea vizuri, wakauliza unaambukiza? anakula nini? akikua ataoa? na muda wote huo muhusika mwenyewe kajificha nyuma ya tenki la maji kwasababu mstarini kuna ngoma. Ila kabinti kamoja ka darasa la nne kakauliza, sasa tukimuona anakimbia tumkimbilie au tumwache? Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivo.

Kukimbia ndio kunaninyima usingizi kuliko shule. Babu anapenda maji. Mara ya kwanza kapotea tulizunguka mpaka saa mbili usiku na vipaza sauti vya msikitini. Baada ya hapo grupu likaamua kila mzazi aende kijiwe cha bodaboda cha kwao na picha ya mtoto na namba. Niliona aibu kama nini, kuwapa wale vijana picha ya mwanangu nawaambia akikupita hakujibu usimpigie kelele, mshike mkono wa kushoto, mwambie "twende kwa mama". Mara ya pili wakamkuta pale wanapoosha magari, kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anaangalia povu, na kijana wa pale kampa kitambaa. Hawakuchukua hata hela ya mafuta. Sasa hivi akipita na mimi kijiweni wanamwita Didjei wote kwa pamoja na yeye anaziba masikio anacheka.

Haya, Januari hii shule zimefunguliwa, Babu kaingia la nne, na yule mwalimu wa kaunta buku kahamishwa. Mikoani, karibu na mume wake, siwezi hata kumlaumu. Muhtasari wetu uliosainiwa ukatafutwa kwenye faili haukuonekana, bahati ticha alikuwa na nakala. Mwalimu mpya ni kijana, mpole wa sura, mezani kwake kuna fimbo. Nikamsalimia, nikampa ile kaunta buku ya tatu, nikamwambia mistari miwili tu mwalimu, akasema sawa mzazi, akaiweka chini kabisa ya rundo la madaftari kama sabini.

Jumatatu haijarudi. Jumanne haijarudi. Alhamisi jioni Babu kaingia, kavua begi, kaenda kwenye ndoo yake ya maji, na ndani ya begi kaunta buku ipo. Mstari mmoja, wino mwekundu: "Mzazi naomba uje Jumatatu saa 2 tuzungumze. Uje peke yako, nimesikia habari za bibi."

Nimeshampigia bibi. Anasema karanga zipo.