Siku moja maishani mwangu: Kwantamu baada ya vipindi

Saa 12 asubuhi niko kwenye bodaboda. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita, mkoani Morogoro. Kompyuta za kwantamu, zinazofanya hesabu kwa kanuni za chembe ndogo sana kama za mwanga, hazimo kwenye mtihani, kwa hiyo zinasubiri jioni. Saa 2 hadi saa 8 ni vipindi na madaftari. Walimu wenzangu mnayajua.

Saa 9 alasiri nampitia fundi simu pale stendi. Huniwekea vioo vya kalkuleta zilizokufa. Juu ya kioo kuna plastiki ya kijivu inayochuja mwanga. Naibandua kwa wembe.

Saa 10 klabu inaanza. Vipande viwili vikipishana kwa nyuzi 90, giza. Binti mmoja anachomeka cha tatu katikati, kwa mshazari wa nyuzi 45, na mwanga unarudi.

"Mwalimu, umeongeza kizuizi halafu mwanga ndiyo unapita?"

Hapo kelele zinaanza, nami naziacha. Kwa hesabu, robo ya mwanga uliovuka kichujio cha kwanza hufika mwisho. Kichujio hakichambui tu, kinaibadili hali ya mwanga wenyewe. Ukishakubali kwamba kupima kunabadilisha kinachopimwa, umeingia kwenye kyubiti, biti ya kompyuta ya kwantamu inayoweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1, tena bila umeme.

Saa 11 tunahamia ubaoni. Matriksi ya kuakisi kwenye mstari wenye pembe α waliisoma kidato cha nne. Wakiweka nyuzi 45, 0 inakuwa 1 na 1 inakuwa 0: hiyo ni geti ya X (geti ni hatua moja ya kuibadili kyubiti). Wakiweka 22.5, inatoka Hadamard, geti inayoichanganya 0 na 1 nusu kwa nusu. Wanaosema somo hili lisubiri chuo kikuu sijui huwa wanasubiri nini. Hesabu zenyewe watoto wanazo.

Saa 2 usiku, prepo. IBM iliifungua mashine yake ya kwantamu kwa umma kupitia intaneti mwaka 2016, ila leo bando hakuna. Tunatumia Qiskit, programu ya hesabu za kwantamu, kwenye kompyuta mpakato yangu, inaigiza bila mtandao. Kyubiti mbili zinaanza na 0. Hadamard kwenye ya kwanza, kisha CNOT, geti inayoigeuza ya pili pale ya kwanza ikiwa 1; tunarudia mara 1,024: 00 na 11 karibu nusu kwa nusu; 01 na 10 hazionekani kabisa, yaani kyubiti zote mbili hulingana kila mara.

"Kwa hiyo naweza kumtumia mwenzangu majibu chumba cha pili?"

Hapana. Kila mmoja akiangalia kyubiti yake anaona bahati nasibu tupu, na huwezi kuchagua itoke ipi.

"Basi haina kazi," akasema, akarudi kwenye kemia yake. Wawili waliobaki walitaka kujua Hadamard ikiondolewa itakuwaje. Nikawasogezea kompyuta. 00, mara zote 1,024.