Kabla hujampeleka mtoto kambi ya kulala

Kuna sentensi inayoharibu kambi nyingi za likizo, zile ambako watoto hulala siku kadhaa bila wazazi, kabla hazijaanza, na hutamkwa nyumbani, kwa mapenzi, siku chache kabla ya safari: "Usijali mwanangu, usipopapenda nitakuja kukuchukua." Mtoto husikia mambo mawili hapo. La kwanza, kwamba hata mzazi ana mashaka na huko anakompeleka. La pili, kwamba mlango wa kurudi uko wazi na kilio ndicho kinachoufungua. Basi usiku wa kwanza, taa zikishazimwa na moyo ukaanza kumwenda nyumbani, hahangaiki kuongea na mwenzake wa kitanda cha jirani wala kumwita mlezi. Anadai ahadi yake. Nawe hapo umebaki na njia mbili, zote chungu: uvunje neno lako, au umchukue aondoke akiamini kwamba hakuweza.

Akikuuliza, "Nikikumbuka nyumbani je?", mjibu ukweli. Mwambie atakumbuka, kwamba watoto wengi hukumbuka, hata wale wanaoonekana majasiri, na kwamba si ugonjwa wala si aibu. Kisha mpe mambo ya kufanya: amwambie mlezi anayelala karibu naye, aandike barua, anawe uso na kunywa maji, atafute mtu wa kucheza naye. Mtajie na saa zenyewe, maana hali hii ina saa zake. Huja mtoto asipokuwa na shughuli: muda wa mapumziko baada ya chakula cha mchana, jioni giza linapoingia, na kitandani. Asubuhi akiwa mchezoni huenda asiwaze nyumbani kabisa. Kwa wengi huwa kali siku mbili tatu za mwanzo, kisha hulegea kadiri wanavyozoea majina ya wenzao na ratiba. Mtoto aliyeambiwa haya mapema, yakimpata anayatambua. Asiyeambiwa hudhani ni yeye peke yake.

Maneno ya kuagana nayo yawe mafupi. "Sijui nitaishije bila wewe" humtwisha mtoto kazi ya kukuhurumia. Afadhali umwambie, "Nenda kajifunze kuendesha mtumbwi, ukirudi utanieleza unavyogeuzwa." Siku ya kumpeleka, msaidie kutandika kitanda, mwonyeshe choo kilipo, msalimie mlezi wake, kisha uondoke. Mzazi anayebaki hadi alasiri humchelewesha mtoto kuanza kufahamiana na wenzake.

Kuhusu umri, kambi nyingi hupokea watoto kuanzia miaka 7 au 8, lakini miaka peke yake haisemi mengi. Jiulize kama ameshawahi kulala nje ya nyumbani siku mbili mfululizo bila wewe na bila kukupigia simu. Kama bado, anza sasa kwa ndugu au kwa familia ya rafiki: usiku mmoja, baadaye mbili, baadaye tatu. Katika wiki hizo hizo mwache ajifanyie mwenyewe yale ambayo kambini hakuna wa kumfanyia: kuoga na kusuuza nywele povu lote litoke, kufunga nywele zake, kubadilisha nguo zilizolowa bila kukumbushwa, kutafuta soksi ya pili, kusema "naumwa" kwa mtu mzima asiyemzoea. Hilo la mwisho wazazi hulisahau. Mtoto mwenye haya anaweza kukaa na sikio linalouma siku tatu kwa sababu tu hajui aanzeje kumwambia mtu.

Upande wa kambi yenyewe, usidanganywe na picha za ziwa. Uliza idadi ya walezi. American Camp Association, chama kinachothibitisha ubora wa kambi huko Marekani, huzitaka kambi za kulala ziwe na angalau mlezi mmoja kwa watoto 6 wenye miaka 6 hadi 8, mmoja kwa watoto 8 wenye miaka 9 hadi 14, na mmoja kwa 10 kwa wakubwa zaidi. Popote ulipo, unaweza kutumia namba hizo kama kipimo. Uliza pia idadi inakuwaje usiku, kwa sababu kambi yenye walezi tele mchana inaweza kubakiza mmoja tu kwa mabweni matatu wenzake wakiwa mapumzikoni. Uliza wafanyakazi huchunguzwa vipi kabla ya kuajiriwa, wangapi wamerudi kutoka mwaka jana, na kama kuna kanuni kwamba mtu mzima haruhusiwi kukaa faragha na mtoto mmoja. Nani yuko karibu watoto wanapooga? Nani anatunza dawa? Hospitali iko umbali wa dakika ngapi kwa gari, na je, kuna gari linalobaki kambini usiku kucha? Mkurugenzi anayejua kazi yake hujibu haya bila kukwazika, kwa majina na kwa namba. Ukijibiwa "usiwe na wasiwasi, hatujawahi kupata tatizo", endelea kutafuta kwingine.

Sasa fomu ya afya. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea, na hukosea kwa kuficha. Wanahofu mtoto atakataliwa au atatengwa, kwa hiyo hawaandiki kwamba anatembea usingizini, anaogopa giza, aliacha kula wazazi walipotengana, au amefiwa hivi karibuni. Mlezi asiyejua huona ukaidi mahali penye huzuni. Andika kila kitu, na siku ya kumpeleka umrudie muuguzi kwa mdomo yale mawili matatu makubwa.

Dawa ziende katika vifungashio vyake vya asili, vyenye jina la mtoto na kipimo, pamoja na akiba ya siku tatu endapo safari ya kurudi itachelewa. Usizichanganye kwenye kikopo kimoja, wala usimfichie vidonge begini, hata kama ni vitamini tu, kwani mtoto wa kitanda cha jirani anaweza kuvila akidhani ni peremende. Mwenye pumu abebe pampu yake, na nyingine ibaki kwa muuguzi. Angalia tarehe ya kuisha na dozi zilizobaki. Mwenye mzio mkali awe na sindano mbili za adrenalini, si moja, kwa sababu ya kwanza inaweza isitoshe, au hali ikarudi baadaye. Sindano hizo ziende naye popote anapokwenda. Zikifungiwa kabatini wakati yeye yuko msituni, hazina kazi. Fungasha pia karatasi ya daktari inayoeleza dalili za mwanzo na hatua za kuchukua. Na kama mtoto anatumia dawa za kumsaidia kutulia na kuzingatia, usizisimamishe eti yuko likizo, bila kuongea na daktari. Kambi ina sheria, kelele na sura ngeni nyingi kuliko shule. Huo si wakati wa kujaribu.

Kukojoa kitandani nako kuzungumzwe bila kuona haya. Watoto wa miaka 8, 9, hata 12 wenye tatizo hili ni wengi kuliko wanavyodhani wao wenyewe, na walezi wazoefu wameshakutana nalo mara nyingi. Mpango wake ni huu. Nunua begi la kulalia la rangi ya giza, lenye kitambaa cha ndani kinachokauka haraka. Weka shuka la kunyonya maji, na chini kabisa ya begi ufiche mfuko usiopitisha maji wenye suruali mbili za kulalia zinazofanana na ile aliyovaa, ili akibadilisha asubuhi asionekane tofauti. Kubaliana na mlezi amwamshe kimyakimya saa nne au saa tano usiku, na wengine wakienda kupiga mswaki begi lipelekwe kufuliwa bila tangazo. Kama daktari amempa desmopresini, ijaribiwe nyumbani wiki kadhaa kabla, na mlezi aelezwe kwamba mtoto huyo asinywe maji mengi jioni: dawa hiyo huzuia maji yasitoke mwilini, na akinywa kupita kiasi chumvi ya damu inaweza kushuka kwa hatari. Kisha mwambie mtoto nani anajua na nani hajui. Kutojua hilo humkosesha usingizi kuliko tatizo lenyewe.

Msichana aliyekaribia balehe afungashiwe pedi hata kama hajaanza hedhi, na aonyeshwe namna ya kuzitumia. Hedhi ya kwanza haichagui wakati mzuri.

Mazungumzo ya usalama wa mwili yafanyike tena, hata kama mlishayafanya. Mwambie kwa maneno ya wazi: sehemu za mwili zinazofunikwa na nguo za ndani haziguswi na mtu mzima wala mtoto mwenzake, muuguzi akihitaji kuziangalia, awepo na mtu mwingine, hakuna siri ambayo mtu mzima anaweza kumtaka asiwaambie wazazi. Mtajie watu wawili kambini wa kuwaendea, si mmoja, maana huyo mmoja anaweza kuwa ndiye tatizo. Mkubaliane naye pia juu ya neno moja la kawaida ambalo, akiliandika kwenye barua au akilitaja kwenye simu, utajua anataka uzungumze naye peke yake siku hiyo hiyo.

Begi alipange mtoto mwenyewe, wewe ukisoma orodha. Ukilipanga wewe, siku ya pili kila kitu kitakuwa sakafuni akitafuta fulana iliyokuwa juu. Nguo za kila siku zikunjwe pamoja katika mfuko wake: chupi, soksi, fulana, kaptula. Andika jina kwa wino usiofutika kwenye kila kitu, pamoja na kila soksi, chupa ya maji ya lita 1 na mpini wa mswaki. Gundisha nakala ya orodha ndani ya kifuniko ili ajue vya kurudi navyo. Viatu vipya visiende kambini: vivaliwe nyumbani kwa wiki mbili kwanza, kwani malengelenge ya siku ya kwanza humkalisha mtoto benchi siku nne. Mfuko wa nguo chafu uwe wa kitambaa au wavu. Kwenye plastiki, taulo lililolowa huota ukungu ndani ya siku mbili. Taulo ziwe mbili, tochi iwe ya kuvaa kichwani, na betri za akiba zisisahaulike.

Kuhusu maji: mtoto anayeogelea vizuri bwawani si lazima aweze ziwani, ambako maji ni baridi, chini hapaonekani na hakuna ukingo wa kushika. Kambi nzuri huwapima wote siku ya kwanza na kuwaogelesha wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Mwandae mapema kwamba huenda akawekwa kundi la maji mafupi. Wanaoona aibu ndio hujaribu kupima kina wakati hakuna anayetazama. Mafuta ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi, yapakwe kabla ya dawa ya wadudu, na yarudiwe kila baada ya saa 2 na baada ya kuogelea. Kama eneo lina kupe, afundishwe kujikagua kila jioni nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, makwapani, kiunoni, kinenani na nyuma ya magoti.

Simu, kambi ikisema isije, isije. Ukimfichia, umemfundisha kudanganya watu unaowakabidhi maisha yake, na kila mara atakapokusikia, jeraha la kukumbuka nyumbani litafunguka upya. Barua ni bora. Andika mbili au tatu kabla hajaondoka, uwape walezi wampe siku ya kwanza na ya tatu. Ndani yake uliza kuhusu huko, na usimwandikie jinsi mbwa anavyomlilia mlangoni. Weka bahasha zenye anwani tayari.

Ikikufikia barua yenye machozi, tazama tarehe. Iliandikwa siku kadhaa nyuma, pengine kwenye kile kimya cha baada ya chakula, na mwandishi wake huenda sasa hivi anakimbizana na mpira. Piga simu kwa mkurugenzi, si kwa mtoto, na uliza vitu vinavyoonekana kwa macho: anamaliza chakula? analala hadi asubuhi? jana alicheza na nani, jina lake nani? amejiunga na mchezo au anakaa pembeni? Wasipojua, waombe wamtazame na kukupigia jioni. Kama siku zinapita na bado hali chakula, halali, na hakuna saa hata moja anayosahau, au anazungumzia kujiumiza, nenda kamchukue. Ukimchukua, usimwombee radhi kwa watu mbele yake wala usimwite mwoga. Mwambie siku alizokaa zilikuwa ngapi, na kwamba mtajaribu tena akikua kidogo.

Siku ya kurudi atakuwa na njaa, usingizi na hasira za karibu, na huenda asiseme chochote cha maana hadi kesho yake. Begi lifunguliwe nje ya nyumba. Nguo zote zifuliwe kwa maji ya moto, hata zilizorudi zimekunjwa. Pitisha kitana chembamba kichwani penye mwanga ukitafuta chawa na mayai yao nyuma ya masikio na kisogoni. Ukikuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, bila mafuta wala moto, na uandike tarehe: homa au upele ndani ya wiki chache zijazo ni sababu ya kwenda kwa daktari na tarehe hiyo mkononi. Hesabu dawa zilizorudi uone kama dozi zilitolewa. Halafu badala ya "Kambi ilikuwaje?", muulize nani alikuwa amelala kitanda cha juu yake.