Jinsi kero ya mtaro wetu ilivyofika kwenye bajeti: uzoefu wangu kutoka mtaani, Ubungo

Wakazi wa Dar tuna maoni mazuri sana kuhusu mji wetu, kaa kijiweni nusu saa tu utasikia mtu anapanga barabara, mwingine anapanga soko, mwingine anakwambia taa ziwekwe wapi ili dada zetu wanaotoka kazini usiku wasikabwe. Shida ni kwamba yanasemwa mahali ambapo hakuna anaeandika, na kitu ambacho hakijaandikwa kwenye muhtasari wa kikao hakina pa kwenda. Naandika hapa tulivyofanya sisi mtaani kwetu wilaya ya Ubungo mpaka mtaro na kalavati vikaingia kwenye mipango, kwa sababu watu wengi wananiuliza na kila nikianza kueleza kwa mdomo naona nusu naisahau.

Kwetu ni bondeni, maji ya juu yote yanashukia kwetu yakielekea Mto Ng'ombe. Kuna njia moja ya vumbi inayopitisha bajaji, bodaboda na watoto wa shule, na pale inapokatiza mtaro kulikuwa na kalavati moja nyembamba ya zamani, ya enzi ambazo nyumba zilikuwa chache. Sasa hivi huko juu kumejengwa kote, mabati na sakafu za sementi kila mahali, maji hayana pa kunywea, yanakuja yote kwa pamoja na mchanga na makopo na nguo chakavu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na kweli imepungua, lakini chupa za maji na vifungashio bado tele. Yakifika kwenye kalavati yanaziba, alafu yanapanda majumbani. Na hapo ndo kuna watu wanatapisha vyoo, mvua ikianza tu wanafungulia, uchafu unaingia kwenye maji yaleyale yanayoingia jikoni kwa jirani. Mimi nauza nafaka pale karibu, nimeona magunia ya watu yakilowa, nimeona mama amebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani usiku wa manane, kwa hiyo hili jambo kwangu sio siasa hata kidogo.

Tulianza kwa kukusanya maoni, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo kazi yenyewe ilipokuwa. Mimi na kinamama wawili wa kikoba chetu pamoja na kijana mmoja wa bodaboda tulipita nyumba kwa nyumba na daftari la kawaida, swali moja tu, kitu gani kimoja kikibadilika hapa mtaani maisha yako yatakuwa nafuu. Watu wakamwaga. Taa za barabarani, maji ya bomba yanatoka usiku tu, gari la taka halipiti, vijana wanataka kiwanja, kinamama wanataka vizimba vya biashara kando ya mto, mzee mmoja anataka zahanati, bodaboda wanataka kijiwe chenye kivuli, na karibu kila nyumba ya upande wa chini inataja mtaro. Vyote vya kweli, hakuna wa kumwambia chako hakina maana.

Alafu tukakaa na afisa mtendaji wa mtaa akatusaidia kuvigawa kwa mwenye navyo. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani maana mji una wenyewe wengi. Barabara kubwa kama Morogoro ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, barabara za mitaani kama yetu na mitaro yake ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, walioanza kazi 2017. Maji ya bomba na majitaka ni DAWASA. Taka ngumu ni halmashauri kupitia kata, na pale kuna ada ya taka ambayo kila kaya inatakiwa ilipe. Vile vizimba vya kando ya mto tulielezwa mapema kwamba sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo wale kinamama tukawaambia ukweli palepale tukaanza kuwatafutia sehemu nyingine badala ya kulibeba ombi ambalo lingekataliwa na kuwavunja moyo. Mimi kabla sijajua huu mgawanyo nilishawahi kwenda na barua kwenye ofisi moja, jina silitaji, nikazungushwa dirisha hadi dirisha mpaka mhudumu mmoja akanionea huruma akasema mama hili sio letu. Barua ilikuwa nzuri tu ila imefika kwa asiyehusika.

Tukakubaliana tupeleke kitu kimoja mbele, kalavati na mtaro, vingine viandikwe vyote lakini kipaumbele kiwe hicho. Kulikuwa na mvutano mkali hapo, wa upande wa juu wakasema sisi hatufurikiwi kwanini pesa iende chini, na nawaelewa kabisa, taa zilikuwa hitaji lao la kweli. Kilichowabadilisha ni mama mmoja wa upande huohuo wa juu aliesema watoto wetu wote wanapita pale kwenda shule, mvua ikinyesha wanavuka maji hayaonekani chini. Baada ya hapo hakuna aliebisha.

Ushahidi sasa. Ofisi ya mtaa ina ramani kubwa ya karatasi, zile za Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 ambapo wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walipita kata zinazofurika hapa Dar wakachora mitaro, njia na nyumba. Sikuwahi kuiangalia vizuri kabla. Tukaichukua, tukaitoa kopi, tukaweka alama za maji yanapotokea na yanapokwama. Zilipokuja mvua za El Nino za mwisho wa 2023 yule kijana wa bodaboda akapita nyumba kwa nyumba na chaki ya rangi akapiga mstari ukutani pale maji yalipofikia, maji yalipotoka tukapima kwa futi ya fundi kutoka sakafuni tukaandika jina la mwenye nyumba na urefu. Picha tulipiga na simu, lakini tukahakikisha kila picha ina kitu cha kulinganisha, mtu amesimama au mlango, sababu picha ya maji matupu haisemi kina. Tukapima na mdomo wa kalavati upana na kimo. Mhandisi alipokuja baadae kitu cha kwanza alichouliza ni hivyo vipimo, picha za watu wanalia alizipita haraka tu.

Mkutano mkuu wa mtaa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kuongea, mwenye nyumba na mpangaji sawa. Nasisitiza wapangaji maana wengi wanajiona wageni na hawaji, na bondeni kwetu wapangaji ndo wengi. Tulimwomba mwenyekiti atangaze mapema, tangazo likabandikwa dukani, msikitini na kanisani na kijana akapita na kipaza sauti kwenye bajaji, siku ya Jumapili jioni ili wa vibaruani nao wafike. Watu walijaa mpaka wengine wamekaa juu ya matofali. Pale kwenye mkutano sisi hatukusimama kulalamika, tulibandika ramani ukutani, mmoja akaeleza maji yanapita wapi, mwingine akasoma vipimo, mimi nikasoma ombi lenyewe, sentensi tatu, tunaomba nini, wapi, na sisi tutachangia nini. Likapita. Na kabla hatujaondoka tukaomba muhtasari usomwe kwa sauti kama ulivyoandikwa, mwandishi alikuwa ameandika tu wananchi walilalamikia mafuriko, tukamwomba kwa heshima aandike ombi kamili, akaandika. Kesho yake tukachukua nakala yenye muhuri. Hiyo nakala itunzeni jamani.

Pale pa "sisi tutachangia nini" ndo utaratibu wa O&OD, yaani Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao serikali inautumia kuibua miradi kutoka chini. Jamii inaanza na nguvu yake, halmashauri inaongezea. Tulikuwa tumeshaanza kuzibua mtaro wenyewe, kila kaya inatoa mtu mmoja au hela ya kibarua, koleo na matoroli ya kuazima, mchanga tukauweka pembeni ukabebwa na guta kwenda kufukia mashimo ya njia. Kamati ya kata walipokuja kuangalia wakakuta mtaro umesafishwa mpaka pale kalavati inapobana, wakaona kwa macho kwamba tatizo lililobaki ni lile domo dogo, hatukuhitaji kueleza sana.

Kutoka mtaa linaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, WDC, mwenyekiti wake ni diwani na wenyeviti wote wa mitaa wapo mle. Mitaa yote ina shida na kila mwenyekiti anavuta kwake. Kwa hiyo kabla ya kikao tulimfuata mheshimiwa diwani, sio kumbembeleza, tulimpa ile karatasi moja yenye ramani upande mmoja na vipimo upande wa pili ili akiulizwa awe na la kujibu. Na muda ni kila kitu, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai lakini mipango inapikwa miezi mingi kabla, ukienda mwezi wa tano ukiwa na maoni yako mazuri utakuta wameshafunga hesabu. Sisi letu lilikuwa WDC kabla mwaka 2024 haujachanganya likawahi bajeti ya 2024/25. Huko juu kuna kitu kinaitwa ukomo wa bajeti, halmashauri inapewa kiwango haiwezi kuvuka, kwa hiyo hata ombi zuri linakatwa. Letu lilikatwa. Tuliomba kalavati na mtaro wa zege urefu wote, ikabaki kalavati na kipande cha mtaro karibu na makutano, kingine kikasogezwa mbele. Niliumia lakini diwani aliturudia akatueleza kwa uwazi kilichobaki na kwanini, na kwa hilo namheshimu.

Kuna jambo lingine lilichukua nguvu kuliko vikao vyote. Kalavati pana inahitaji nafasi, na pembeni pale kuna mzee ana fremu mbili za biashara zimekaa juu ya njia ya maji kabisa. Kwa sheria angeweza kubomolewa, lakini yule mzee zile fremu ndo pensheni yake. Tulienda kwake kinamama na imamu na mjumbe wa shina, tukakaa, tukamsikiliza. Shikamoo mzee, tumekuja tuongee kama watoto wako. Mara ya kwanza alikataa hata chai tusinywe. Tulirudi na ile orodha ya vipimo vya ukutani, na nyumba yake mwenyewe ilikuwamo, maji yalimfika magotini chumbani kwake. Akasema nifanyeni nini sasa. Mtaa ukakubali kumpa eneo mbele ya ofisi aweke kibanda, vijana wakabomoa kwa mikono taratibu, mabati na mbao zake zote akapata, wakamjengea upya bila kumdai hata mia. Yule mzee leo ndo anawagombeza watu wanaotupa taka mtaroni na wanamsikia kuliko mabango.

Julai ilivyofika watu wakadhani fundi anakuja kesho. Kupitishwa kwenye bajeti na hela kufika ni vitu viwili, ikabidi tuendelee kufuatilia, kila mwezi mmoja wetu anapita kwa mtendaji kuuliza, kwa upole lakini bila kuacha. Pia halmashauri inatakiwa ibandike mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo, someni, mtendaji akijua mnasoma majibu yanakuwa mengine. Katikati hapo ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, tukapata mwenyekiti mpya ambae hakuwa na habari yoyote ya jambo letu. Hapo ndo nakala yenye muhuri ilituokoa, tulimpelekea faili zima wiki hiyohiyo, muhtasari, ramani, vipimo, barua, akasoma akasema basi tunaendelea pale mlipoishia.

Fundi alikuja 2025. Tukapanga zamu ya wakazi kukaa karibu na saiti kila siku, kuangalia mifuko ya sementi inayoshushwa na kuhakikisha mtoto hadumbukii kwenye shimo, na mhandisi alitupa namba ya simu tumpigie tukiona jambo. Kalavati mpya inapitisha maji, kipande cha mtaro kipo, masika ya mwaka huo upande wa karibu na makutano maji hayakuingia ndani. Nyumba za chini zaidi bado zilipata, kidogo kuliko zamani lakini zilipata, na ndo maana kipande kilichobaki tumekirudisha tena mkutano wa mtaa na vipimo vipya vya masika hayo. Upande wa juu nao wamechukua daftari lao, wanahesabu sehemu zenye giza, nguzo gani ipo na ipi inafaa kubeba taa, na kinamama wa vizimba wamepata eneo nyuma ya ofisi ya kata wanasubiri kupimiwa. Mkutano unaofuata taa ndo zinaanza kwenye ajenda, tulishawaahidi.