Nukta nyekundu kiunoni

Nilikuwa mwaka wangu wa sita wa uuguzi wodini siku walipobandika ukutani mchoro mkubwa wa mwili wa mtu, mbele na nyuma, kila mmoja wetu akapewa kalamu nyekundu: tia nukta pale panapokuuma ukimaliza zamu. Jina haliandikwi. Haikuchukua muda, kiuno cha yule mtu kikawa chekundu chote. Machozi yakanilengalenga. Miaka yote ile nilidhani ni mimi tu, kwamba mwili wangu haukuumbiwa kazi hii.

Mtaalamu wa egonomia, yaani elimu ya kuifanya kazi na vifaa viendane na mwili wa mtu, aliyetujia hakutuhubiria habari za kukunja magoti unaponyanyua. Hayo tulifundishwa chuoni, na hayamfai kitu mtu anayehudumia kitanda kisichopanda. Alitueleza tu kwamba wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanashauri muuguzi asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 16 za uzito wa mgonjwa. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 100 unafika hapo. Kisha akasema, "Nionesheni mnavyomgeuza mgonjwa."

Mwenzetu mmoja akalala kitandani, tukaanza kumgeuza. Ndipo mama wa usafi, ambaye sikuwahi kumwona kikaoni hata siku moja, aliposema kwa sauti ndogo, "Sista, mpini wa kupandishia kitanda hiki umeshika kutu. Ndiyo maana mnainama hivyo." Akavitaja na vingine, kimoja kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa akivisogeza kila asubuhi akipiga deki, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na mashine ya kunyanyulia wagonjwa tulikuwa nayo! Ilifungiwa stoo, na mwenye ufunguo hakuwa na zamu za usiku. Bado naona uchungu nikikumbuka wale waliopata maumivu ya kudumu huku mashine imekaa hatua chache tu kutoka walipokuwa.

Orodha ya marekebisho tuliiandika wenyewe, na mama wa usafi akiwemo. Mipini ikatiwa grisi, mashine ikahamishiwa kwenye korido, tukaletewa shuka za kutelezea.

Usiku wa kwanza wa mpango huo nilikuwa na mzee mnene aliyepooza, wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Tulipandisha kitanda hadi usawa wa kiuno, tukapitisha shuka chini yake, tukamtelezesha taratibu. Nilidhani amelala. Akafumbua macho, akasema, "Leo hamkunivuta, binti yangu."