Kushuka mtoni mwezi wa Oktoba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la juma hili ni 2 Wafalme 3:9–20. Lisomeni kwanza, si refu, halafu mrudi hapa.

Jumamosi nilikuwa kwa mama mkwe wangu, upande wa Bahi, mkoani Dodoma. Mnajua kwamba daktari ameniambia nitembee kwa sababu ya sukari, na hapa mjini huwa nazunguka mtaa jioni, simu mkononi ikinihesabia hatua. Nilipofika kule nikamwambia mama kwamba nataka kutembea kidogo. Akanitazama.

"Kutembea kwenda wapi, mama Upendo?"

Nikasema popote tu, kunyoosha miguu. Akaingia ndani, akatoka na ndoo, kidumu cha lita tano na kata. "Basi twende mtoni."

Njia ile inapanda kilima kidogo, inashuka bondeni, inapanda tena, haina haraka. Mwezi huu nyasi zimekwisha. Ardhi iko wazi, nyekundu, migunga imebaki miiba mitupu, na huku na huku watu wanaberega mashamba, yaani wanafyeka na kuchoma mabaki, moshi mwembamba unapanda wima kwa kuwa upepo haupo. Kwenye mteremko wa pili tulipita chini ya mbuyu mmoja mkubwa. Mama akasimama, akaelekeza kidole juu. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na majani madogo mabichi, laini kama masikio ya mwana-mbuzi. Mbingu haikuwa na wingu hata la kufunika kiganja. "Huu haungoji mvua," akasema. "Ukiuona hivi, nasi tunatoa mbegu za uwele ndani." Tukaendelea.

Kila tuliyekutana naye tulisimama. Mbukwenyi, salamu ya Kigogo, halafu habari za nyumbani, watoto, ng'ombe aliyekuwa anaumwa mguu, mazishi ya juzi. Simu yangu ilikuwa kimya mfukoni, hatua haziongezeki, na nakiri moyoni nilikuwa nahesabu muda. Sehemu ambayo peke yangu ningeikata kwa nusu saa ilituchukua karibu saa mbili. Luka anasema kutoka Yerusalemu hadi Emau ni kama mwendo wa saa mbili, na siku hizi nawaza wale wanafunzi wawili walisalimiwa na watu wangapi njiani. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Tulipofika, mto ulikuwa mchanga. Mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, una nyayo za mbuzi na punda, na pale katikati uzio mdogo wa matawi ya miiba. Ndani ya uzio kuna shimo. Mama alivua kandambili, akashuka humo hadi kiunoni, akaanza kufukua kwa mikono. Mchanga wa juu ulikuwa wa moto. Chini kidogo ukawa wa baridi, kisha wa rangi ya giza, kisha ukaanza kushikana. Maji yakaja taratibu kutoka pembeni, machafu, rangi ya chai ya maziwa. Nikanyoosha kidumu. Akanirudisha mkono.

Akayachota yale maji yote kwa kata, akayamwaga nje ya uzio. Punda wa jirani akaja kuyalamba. Yakajaa tena, akayamwaga tena. Mara ya tatu akakaa tu, mikono magotini, anatazama. Nami nikatazama. Sijui ilichukua dakika ngapi. Maji yakapanda yenyewe, na safari hii niliona chembe za mchanga chini yake, moja moja.

Sasa tulisogelee andiko. Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, wanakwenda kupigana na Moabu. Wamezunguka siku saba nyikani na hakuna maji, wala ya jeshi wala ya wanyama. Mfalme wa Israeli anapiga kelele kwamba Bwana amewaita ili awatie mkononi mwa Moabu. Yehoshafati, mfalme wa Yuda, anauliza kama hakuna nabii hapo. Ndipo anapatikana Elisha, na Elisha, kabla ya kutoa neno la Bwana, anaomba mpiga kinanda. (Nalipenda sana jambo hilo. Jeshi zima lina kiu, na nabii anataka muziki.) Kisha neno linakuja: wachimbe mahandaki bonde zima. Hawataona upepo, hawataona mvua, ila bonde litajaa maji. Asubuhi, wakati wa kutoa sadaka, maji yakaja kwa njia ya Edomu.

Nimesikia andiko hili likihubiriwa kama wito wa kuongeza sadaka: chimba, utajaziwa. Sina ugomvi na mtu, ila sioni fedha mahali popote katika sura hiyo. Naona watu wenye kiu wakiambiwa wachimbe ardhi kavu.

Na naisoma kwa macho ya Bahi. Mto Bubu unatoka juu, upande wa milima ya Kondoa, na hauendi baharini. Safari yake inaishia kwenye bwawa la Bahi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na hazina uhakika. Lakini wazee wa kule watakwambia ziko siku mtu yuko mtoni, jua linawaka, hakuna hata dalili ya wingu, mara anasikia mvumo. Kumenyesha Kondoa. Mto unashuka umebeba magogo na povu, na wa Bahi hajaona tone. Andiko halisemi mvua ya Edomu ilinyesha wapi, au kama ilinyesha. Mimi naamini muujiza haupungui hata kama ilinyesha mahali, mbali, ambapo wale wafalme hawakuweza kuona. Waliambiwa wachimbe. Habari za mawingu hazikuwa zao.

Mtanisamehe, sasa niseme la kwangu. Kaka yangu wa tumbo moja, aliyeko Singida, hatujaongea mwaka wa tatu huu, tangu mambo ya shamba la marehemu baba. Mmeniombea katika jumuiya, nami nimeomba. Nikichunguza, maombi yangu yote yamekuwa ya kutazama juu: Bwana, mguse moyo anipigie. Nimengoja wingu. Na mara mbili nilipojaribu kumwandikia ujumbe, yalitoka maji ya juu, yale ya rangi ya chai, nikadhani ndiyo maji yote yaliyopo, nikafuta.

Tulirudi mama akiwa na ndoo kichwani, mimi na kidumu changu cha lita tano kikinikata vidole. Tuliwasalimia watu wale wale, maana nao walikuwa wanarudi. Ng'ombe mguu bado.

Jumapili baada ya ibada nilimpigia kaka. Hakupokea.

Jumanne mama alipiga simu kuuliza kama nilifika salama, ingawa alijua nilifika. Nikamuuliza habari za mto. Mkavu, akasema, na maji ya shimoni yameshuka, kwa hiyo asubuhi vijana wameongeza kuchimba, kama urefu wa mkono hivi.

Jioni ile nikampigia kaka tena. Akapokea. Tuliongea dakika mbili, habari za mvua tu: kwao bado, kwetu bado.