Ua ukikauka naitwa mimi: siku moja maishani mwangu

Nikisema natunza nyua, watu husikia maua. Maua yana wenyewe. Mimi ni wa ua kwa maana ya fensi, ile miti mibichi iliyopangwa ikazunguka majumba ya Nyali, Mombasa, na mara nyingi watu huniita pale ua unapoanza kufanya madoa ya kahawia na mwenyewe akashikwa na hofu. Kwetu Likoni wamenifupisha: "yule shambaboi." Nimechoka kubishana nao. Hii hapa siku yangu moja, Jumanne ya mwezi wa tatu, kaskazi imebakisha pumzi chache na mvua za masika bado ni hadithi.

Saa kumi na moja alfajiri. Swala, chai ya rangi, mahamri mawili ya jana. Naangalia gunia: makasi makubwa, makasi ya mkono, msumeno wa kukunja, kijembe, kipande cha sabuni, chupa ya spiriti na karatasi nyeupe nne. Spiriti ni ya kupangusa makasi nikitoka mti mmoja kwenda mwingine, maana maradhi ya miti hupanda chuma kama watu wanavyopanda matatu. Karatasi nitazieleza.

Saa kumi na mbili niko feri. Waendao kwa miguu hatulipi nauli. Tunalipa kwa mbavu.

Saa moja na nusu, nyumba ya kwanza, ua wa fikasi. Majani yananata, yameingia masizi meusi, na kwenye makwapa ya matawi kuna vidude vyeupe kama pamba. Sisimizi wanapanda na kushuka kama wako kwenye mshahara, na kweli wako: wale weupe hutoa maji matamu, sisimizi huyanywa na kuwalinda. Ukiua weupe ukaacha walinzi, wiki mbili umerudi palepale. Nikakata matawi yaliyogusa ukuta ili njia ya sisimizi ikatike, nikaosha kwa maji ya sabuni, nikamwambia bibi mwenye nyumba nitarudi baada ya siku saba. Fikasi haina makuu, hata ukiikata hadi mti mtupu usio na majani huchipua.

Saa tatu, mlango wa pili. Doa moja la kahawia pembeni mwa geti, urefu wa goti. Nilipokuwa nachutama kulitazama, mwenye maelezo akaja mwenyewe, mbwa wa nyumba, akainua mguu, akajisaidia, akaenda zake. Nikamwaga ndoo mbili za maji safi na kuweka mawe matatu. Mama wa nyumba alicheka mpaka akaniongezea dafu.

Laiti siku ingeishia hapo.

Saa nne nilikuwa geti la tatu. Soja akaniuliza kama nimeitwa. Nimeitwa. Akaenda kuuliza. Akarudi kuuliza jina. Akaenda tena. Dakika arobaini nimeegemea ukuta usio na kivuli, nikawa nautazama ua kwa nje, na kwa kweli dakika hizo ndizo zilizonilipa, kwa sababu kwa nje ulikuwa mzima. Kijani tupu. Hilo nikaliweka moyoni.

Ndani, mzee mwenye nyumba, mstaafu kutoka bara, alinipokea kwa swali moja.

"Kijana, pampu ya dawa iko wapi?"

"Sijaja nayo, mzee. Kwanza nitazame."

"Kutazama? Mimi nautazama kila siku, bure."

Ua wake ni wa thuja, ndugu wa saiprasi, miti aliyoileta kwa lori kutoka kwao miaka sita iliyopita, hatua zangu sitini kutoka geti hadi bwawa la kuogelea. Upande wa bustani ulikuwa umeungua vibaya. Mzee alikuwa ameshatoa hukumu: ni wale wadudu. Na sikumdharau, kwa kuwa anajua alichokiona. Kidukari wa saiprasi, mdudu mdogo anayefyonza miti, aliingia Kenya mwaka wa 1990, baada ya kuonekana Malawi mwaka wa 1986, na huko bara alikausha misitu na fensi za watu. Mtu aliyeona ua wa baba yake ukigeuka kuni hasahau.

Lakini kidukari huacha alama. Hukaa kwa makundi kwenye vijitawi na kuacha utomvu unaonata. Nikapitisha vidole: pakavu. Nikatoa karatasi, nikaishika chini ya tawi na kulipiga tawi mara tatu. Ndiyo kazi ya karatasi. Utitiri ni mdogo mno kuonekana mtini, ila juu ya weupe utauona ukitembea, nukta ndogo yenye haraka zake. Zilianguka vumbi na buibui mmoja aliyekasirika. Nikachimba kidogo kwenye shina nikanusa mizizi, maana mzizi uliooza hunuka matope ya mikoko. Haukunuka.

"Umenusa udongo," mzee akasema. Hakuwa anauliza.

Nikarudi nyuma hatua kumi. Hapa ndipo nadai heshima yangu. Doa lina umbo, na umbo lina mwandishi. Upepo wa chumvi kutoka baharini huunguza upande wa bahari na huanzia juu. Huu uliungua upande wa ndani, kuanzia chini hadi kiunoni. Tena madoa yalikuwa nusu duara, moja, kisha hatua sita, jingine, kisha hatua sita, jingine. Ugonjwa haupimi hatua.

Nikamwomba soja afungue maji. Springla zikaamka nyasini na kila moja ikachora nusu duara yake juu ya ua, palepale penye kahawia. Nikakinga kiganja nikaonja. Maji ya kisima, chumvi waziwazi. Kwenye udongo kulikuwa na ukoko mweupe, na juu yake chembe za mbolea alizomwaga mtu aliyesema miti ina njaa. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi. Mti ukawa unanyunyiziwa chumvi majani na kulishwa chumvi miguuni. Chumvi ikizidi udongoni mzizi haunyonyi, mti unaona kiu huku umesimama majini.

"Onja, mzee."

"Sinywi maji ya bustani."

"Si kunywa. Ulimi tu."

Akakataa. Akaniambia majirani wote wana visima na fensi zao hazijambo. Nikamwonyesha fensi za majirani: huyu bogenvilia, yule mivinje. Mvinje ni mti wa ufukweni, ndio uliopandwa kuanzia 1971 kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, juu ya matumbawe matupu, ukasimama. Thuja ni mgeni, anataka maji baridi na matamu. Mzee akanitazama kama niliyemtukana ukoo.

"Kwa hiyo hupigi dawa."

"Hapana cha kupiga."

"Sasa nimekuitia nini?"

Niseme ukweli, nilishawishika. Ningetia maji rangi kwenye pampu, nikapuliza saa nzima, angenipa soda na pesa zote. Wapo wafanyao hivyo. Dawa inaonekana, ina harufu, mwenye mali anaridhika. Macho hayana harufu.

Tulikubaliana, kama kukubaliana ni mtu kunyamaza. Nikafunga springla za upande ule. Nikakwangua ukoko na mbolea, toroli tano. Nikachimba mfereji mwembamba kufuata mizizi. Kisha ikahitajika maji matamu mengi ya kuisukuma chumvi chini, na hapo saa zikanipotea. Mzee hakutaka kuita boza, lori la maji. Tukaita mkokoteni. Mwenye mkokoteni akasema yuko njiani, na kumbe njia yenyewe ilikuwa bado Kongowea. Alipofika na mitungi yake ya lita ishirini, mzee akabishana naye bei ya kila mtungi, mmoja baada ya mmoja, kana kwamba kila mtungi una mama yake. Adhuhuri ilinipita nikaiswali nikiwa nimechelewa, nyuma ya banda la pampu. Chakula cha mchana kilikuwa lile dafu la asubuhi.

Mitungi kumi na minane. Unamimina polepole shinani, unangoja inywe, unamimina tena. Mgongo ulikuwa umeanza kunizungumzia kwa lugha yake. Juu nikatandaza makuti makavu, mbali kidogo na mashina ili yasiozeshe gome.

Ndipo mzee akatoka na jambo jipya: nikate kahawia yote leo, wageni wanakuja Jumamosi. Nikakwaruza matawi kwa ukucha mbele yake. Hili chini ya gome kijani, hai. Hili kavu kama kiberiti, limekwenda. Thuja si kama fikasi, haichipui kwenye mti wa ndani usio na majani. Ukikata hadi huko, tundu litabaki tundu, na utabaki kuvuta matawi ya pembeni kuliziba, kuyafunga kwa kamba, kungoja miaka. Bora mvua ziteremke kwanza, ziuoshe udongo, tuone kipi kitarudi.

"Wageni hawangoji mvua," akasema, na akaingia ndani.

Mteja wa nne nilimpigia simu kumwomba kesho. Alikata kabla sijamaliza.

Feri ya jioni sikumbuki niliivuka vipi, ninachokumbuka ni mtu aliyeniomba nisimame vizuri, makasi yangu yanamchoma. Nyumbani simu ikalia: M-Pesa, mia nane. Tulipatana elfu moja na mia tano. Ujumbe ukafuata: "Salio utapata zikirudi kijani." Nikaweka simu chini, nikavua viatu. Ikalia tena.

"Kijana, yule fundi wa jirani hutumia dawa gani?"

Sikujibu. Nilitoa karatasi mfukoni. Tatu zilikuwa bado safi, nikazirudisha guniani.