Mayai 90 juu ya mkeka ndiyo yaliyonifundisha takwimu

Hii naiandika kwa wauguzi wenzangu hasa, na mtu yeyote aliyerudi shule ana kazi na watoto halafu akakutana na somo la takwimu. Mimi nimelifaulu na nimelielewa kabisa, naweza kumweleza mtu mpaka akaona mwenyewe. Ila nina hasira na ushauri niliopewa mwanzoni maana ulinilia karibu semista nzima.

Ushauri wenyewe ni huu: "Dada, kariri fomula, hayo mambo huwa hayaeleweki." Nimeambiwa hivyo na watu watatu. Mmoja nilimlipa kabisa hela ya tyusheni, kama elfu thelathini na nauli juu, akanipa karatasi moja ya fomula akasema hii ikae kichwani utatoboa. Nikakariri kweli. Tesi ya kwanza swali likageuzwa kidogo tu, badala ya kusema kokotoa wakasema eleza jibu lako lina maana gani kwa hawa wagonjwa, nikabaki naangalia karatasi. Nikapata 13 kwenye 40. Wenzangu wakaanza kuniambia jiandae na sapu, yaani mtihani wa marudio.

Nikasema basi, kuanzia leo sikariri kitu. Nikaanza na wastani kwa sababu huo nilijua, jumlisha gawanya. Nikachukua uzito wa watoto watano, kilo 7, 8, 9, 10 na 11. Wastani 9. Sasa nikataka kujua hawa watoto wamepishana kiasi gani, na kwa akili yangu njia ilikuwa wazi, chukua kila mtoto uone yuko mbali kiasi gani na 9, halafu tafuta wastani wa hizo tofauti. Nikapata -2, -1, 0, 1, 2. Jumla sifuri. Nikasema nimekosea. Nikachukua namba nyingine, za mapigo ya moyo kwenye daftari la mazoezi, sifuri tena. Nikachukua umri wa watu wa nyumbani kwetu, sifuri. Saa saba usiku niko mezani na kalkuleta, watoto wamelala, kila nikibadilisha namba inakuja sifuri, na pale ambapo haikuja sifuri kumbe nilikuwa nimekosea kujumlisha.

Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba sikuwa nakosea. Lazima iwe sifuri! Wastani ni kama pale unapoweka kidole chini ya rula mpaka itulie, uzito wa kushoto na wa kulia umelingana, kwa hiyo walio chini na walio juu wanafutana. Hakuna aliyeniambia hilo, wala karatasi ya elfu thelathini haikuwa nalo. Na ukishaliona hilo, ile fomula ya kutisha inafunguka yenyewe. Kwa nini wanazidisha kila tofauti kwa yenyewe? Ili hasi zife, zisifute chanya. Mbili hasi inakuwa nne, mbili chanya inakuwa nne, kwa wale watoto wangu jumla ni 10, gawa kwa 5 unapata 2, hiyo ndiyo varianzi. Lakini hiyo 2 ni kilo za mraba, na mzani wa kilo za mraba sijawahi kuuona kliniki yoyote, ndiyo maana mwisho wanachukua kipeuo cha pili ili turudi kwenye kilo za kawaida, 1.41. Hiyo sasa ndiyo standadi diviesheni, vitabu vingine vya Kiswahili vinaita mkengeuko sanifu. Mimi naiita hatua. Urefu wa hatua moja kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kundi hilo.

Hata lile swali la kwa nini mara nyingine unagawa kwa 4 badala ya 5 lilijijibu hapo hapo. Kwa kuwa jumla ya tofauti ni lazima iwe sifuri, ukishajua tofauti nne, ile ya tano haina uhuru tena, imeshajulikana. Kwa hiyo ukiwa na sampuli tu na sio watu wote, unagawa kwa idadi ukitoa moja, la sivyo hatua yako inatoka fupi kuliko ukweli. Nilifurahi nikamwamsha mume wangu.

Mediani (namba ya katikati ukizipanga kwa mstari) na modi (inayojirudia zaidi) sitakaa nazo sana. Ila kikoba chetu kinaonyesha vizuri. Tuko kumi, tisa tunaweka elfu kumi kumi, mmoja mwenye duka la jumla anaweka laki mbili. Wastani ni elfu 29, na hakuna hata mmoja kati yetu anayeweka kitu cha karibu na hapo. Wapange kwa mstari uchukue wa katikati, ni elfu kumi, na huo ndio ukweli wetu. Mtu akikutajia wastani wa kipato mahali popote, muulize na mediani.

Sasa mayai.

Mgawanyo wa kawaida, ule mchoro wa kengele, ulikuwa bado haujaniingia. Lekchara alichora mlima ubaoni akaandika 68, 95, 99.7, yaani asilimia ya walio ndani ya hatua moja, mbili na tatu, akapita. Nikajiuliza huu mlima unatoka wapi, nani kaupanga? Jirani yangu anafuga kuku wa mayai, na mzani wa jikoni ninao, ule wa dijitali unaosoma gramu moja moja, wa elfu ishirini na kitu. Nikaenda jioni nikamwomba aniazime trei tatu za mayai kabla hajayapeleka sokoni, mayai ya siku moja, asichague. Akaniambia, "Nesi, ukivunja unalipa." Nikakubali.

Mkeka nikautandika sebuleni, juu yake nikaweka khanga nimeikunja matuta matuta ili mayai yasiviringike. Hiyo ya matuta ndiyo ninayojivunia zaidi, maana bila hiyo ningelipa trei nzima. Kila tuta ni gramu mbili: 48 na 49 tuta moja, 50 na 51 tuta linalofuata, mpaka 68 na 69. Binti yangu mkubwa anapima anataja, mdogo anaandika, mimi napanga. Mayai 30 ya kwanza hayakuonyesha kitu, yametapakaa tu, huku mengi huku machache, nikaanza kukata tamaa. Trei ya pili ikaanza kujaa katikati. Trei ya tatu ilipoisha binti yangu akasimama juu ya kochi akasema mama njoo uangalie kutoka huku. Nikapanda kochi. Wallahi ilikuwa kengele. Mawili, manne, nane, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na saba, kumi na tatu, tisa, manne, mawili, moja. Hakuna aliyewaambia wale kuku.

Nikaingiza namba kwenye Excel. Wastani gramu 58 kasoro kidogo, mediani 58, hatua moja gramu 4. Nikahesabu mayai yaliyo ndani ya hatua moja kila upande, kuanzia 54 mpaka 61, yakawa 60 kati ya 90, yaani asilimia 67. Ndani ya hatua mbili yakawa 85, asilimia 94. Hatua tatu yameingia yote. Namba za ubaoni zilikuwa zimelala kwenye khanga yangu! Na sababu ukiifikiria iko wazi, uzito wa yai unasukumwa na vitu vidogo vidogo vingi, umri wa kuku, chakula, maji, joto la siku hiyo, na kila kimoja kinasukuma kidogo juu au kidogo chini. Ili yai liwe kubwa sana inabidi vyote visukume juu kwa pamoja, na hilo hutokea mara chache. Mengi yanafutana na kubaki katikati.

Kesho yake nikaongeza jaribio, nikanunua trei moja ya kienyeji (bei imechangamka kuliko ya kisasa, lakini tuliyala wiki nzima) nikaichanganya na trei moja ya jirani. Kwenye khanga vikatoka vilima viwili, kimoja kwenye 42, kingine kwenye 58. Wastani wa yote ni kama 50, na mayai ya gramu 50 hayakufika hata matatu. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini kabla ya kutaja wastani unatakiwa kuangalia umbo kwanza. Na yai la gramu 42 ukilipima kwa hatua za kundi la kisasa liko hatua nne chini, 42 toa 58 gawa kwa 4. Hatua nne ni mbali mno, linakuambia lenyewe kwamba halijatoka kwenye banda lile. Hesabu hiyo ndiyo zedi-skoo, hakuna kingine ndani yake.

Baadaye nikasoma kwamba Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, karne ya 19 alichukua vipimo vya vifua vya askari wa Uskoti zaidi ya 5,000 akaona umbo lile lile. Na huyo Quetelet ndiye mwenye kile kipimo cha uzito gawa kwa urefu mara urefu tunachokitumia wodini kila siku, BMI. Nilijisikia niko kwenye ukoo mzuri.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni kazini. Miaka saba napima watoto kliniki, natia nukta kwenye chati, najua mstari huu ni mzuri na huu ni wa hatari, sikujua mistari ile imetoka wapi. Ni hatua! Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, mtoto wa kiume wa miezi 12, katikati kilo 9.6, hatua mbili chini 7.7, hatua tatu chini 6.9. Na hatua mbili juu ni 12.0. Angalia hapo, kushuka ni kilo 1.9 na kupanda ni 2.4, maana yake uzito haukai kwenye kengele iliyonyooka, umevutika upande wa juu. Urefu ndio umenyooka, katikati sentimita 75.7, hatua mbili chini 71.0, juu 80.5. Hayo niliyaona mwenyewe kwenye jedwali baada ya mayai, na kwenye mtihani swali la umbo lilikuja.

Kingine. Kwenye kengele yenye afya, walio chini ya hatua mbili wanatakiwa wawe wawili au watatu kwa mia. Wapo watoto wadogo wa maumbile tu na hawana ugonjwa. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wako chini ya mstari huo kwa urefu, ndio tunaowaita wamedumaa. Thelathini badala ya wawili au watatu. Hao huwezi kuwaita watoto wachache wenye bahati mbaya pembeni, hapo ni kengele nzima imesogea kushoto, hata yule aliye juu ya mstari huenda naye amepunguzwa sentimita zake. Nilipoliona hilo nilikaa kimya muda mrefu.

Mtihani nilipata B+. Sapu sikuiona.

Wiki iliyopita akaja mama analia, mwanawe wa kiume wa miezi 12 ana kilo 8.1, wa jirani yake umri huo huo ana 11, na mtaani wanamwambia hajui kulea. Nikamchorea kengele nyuma ya bahasha, nikaweka nukta mbili, wote wawili wakawa ndani ya hatua mbili. Nikafungua kadi miezi ya nyuma, akiwa na miezi 10 alikuwa kilo 7.8, nukta zinapanda sambamba na mistari, haziivuki.

"Sasa nesi, wa kwangu yuko hatua ya ngapi?"

"Moja na nusu chini ya katikati, mama. Na miezi miwili iliyopita alikuwa hapo hapo."

Akafuta uso, akaniomba nimwonyeshe tena kwa kidole, safari hii taratibu.